Walioichora Njia ya Juu

Tarehe 3 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula, unalala, na kile kifua kimekuachia. Huku sisi tupo. Mama anakusalimu. Magoti yanamsumbua lakini mdomo bado uko imara. Juzi amemfokea muuza mkaa mpaka mtu wa watu akakimbia akaacha gunia. Shemeji yako yuko vilevile, anatengeneza baiskeli za watu na kusahau kudai chake. Mpwa wako ameingia sekondari, na sasa kila tukifungua kinywa anatusahihisha.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Unamkumbuka jirani yetu fundi cherehani, yule aliyekuwa akicheka huku anajipiga paja? Amekufa. Mvua ya mwezi uliopita ilifunika daraja la chini kama kawaida yake, barabara ikakatika, na asubuhi hiyohiyo uchungu wa kujifungua ukamshika. Tulimpakia kwenye mkokoteni, mimi, mume wake na shemeji yako, tukamkimbiza mpaka penye maji ili avuke kwenda zahanati. Vijana wa kuvusha watu walikuwepo, na Nyundo mwenyewe, mkubwa wao tangu ufungwe, amekaa juu ya tairi kama hakimu. Akasema mkokoteni wa mtu wa nje hauvuki, lazima tukodi wake, kisha akataja bei ya kumnyonga mtu. Mume akamkunja shati. Wakampiga mpaka akaanguka kifudifudi ndani ya maji, na mmoja akamkanyaga shingo asiinuke. Shemeji yako alimtoa kwa shida, pua imevunjika. Mimi wakati wote nilikuwa nimemshika mwenzangu mkono. Nilipomgeukia, macho yalikuwa wazi lakini hanioni tena. Mtoto naye hakutoka.

Baada ya mazishi alikuja mwanamke mmoja kutoka halmashauri ya mji, na karatasi kubwa kama shuka. Watu wanamwita Mama wa Ramani. Anasema mji unataka kujenga njia isiyokatika maji yakija, lakini safari hii hawataki kuichora wakiwa ofisini. Wanataka sisi tunaopita kila siku tuseme ipite wapi, kituo cha basi kikae wapi, mwenye mtoto mgongoni apande kwa ngazi gani. Tumechagua kamati. Mimi nimo. Usicheke.

Nyundo hataki. Barabara isipokatika, yeye atamvusha nani? Wewe ndiye uliyeanza kuvusha watu pale, ukimbeba mama mgongoni, mpaka wakakuita Mgongo. Vijana wale uliwalea wewe, na bado wakikutaja wanashusha sauti. Mtumie Nyundo neno. Mkanye.

Dada yako

*

Tarehe 27 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Mfikishie mama shikamoo yake, na shemeji mwambie namsalimu sana. Mimi niko salama. Wamenihamishia karakana ya useremala na nimetengeneza kiti ambacho mkuu wa gereza amekipenda mpaka amekichukua. Kifua kiko kimya. Mpwa wangu mwambie asome mpaka macho yamtoke.

Habari za fundi cherehani zimenikata maini. Aliwahi kunishonea suruali nikiwa sina kitu.

Dada, barua zetu zinafunguliwa ofisini kabla hazijatoka, kwa hiyo mengine nitayaruka na wewe utanielewa. Hiyo kamati toka. Leo, si kesho. Mwachie mwalimu mkuu, waachie wanaume wasio na wake. Unayemtaja namjua. Hapigi kwa hasira kama nilivyokuwa mimi. Mimi nimefungwa kwa sababu niliona mtu anachukua nafasi yangu pale majini, nikachomoa kisu mbele ya umma. Yeye hukaa, hufikiri, kisha hutuma mtu.

Neno siwezi kutuma. Usiniulize sababu.

Na jambo jingine. Umeandika kama vile kuvusha watu ilikuwa uhalifu tangu mwanzo. Nani aliwavusha wagonjwa miaka yote ambayo mji haukujua kama mpo?

Mdogo wako

*

Tarehe 16 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mama anauliza hicho kiti alichochukua mkuu wa gereza, umelipwa au umeporwa? Mpwa wako amekuwa wa pili darasani, na amenuna kama amefeli.

Kamati sitoki.

Tumeitembea mitaa yote na Mama wa Ramani, kundi zima la watu, tukiwa na chaki na vigingi. Kila mtu alionyesha maji yalipomfikia: ukutani, dirishani, kitandani. Kipofu anayeuza sabuni alitaka tumwambie mtaro utafunikwa na nini, maana ameshautumbukia mara nyingi. Wauza mboga waligombana na wenye mikokoteni nusu siku juu ya upana wa njia. Mimi nilidhani tutachapana. Mwishowe tukakubaliana barabara iache bonde, ipande kwa nyuma ya shule, ipite juu mpaka zahanati, na pale chini lijengwe daraja refu la waenda kwa miguu. Tukaiita Njia ya Juu. Inabomoa choo cha shule na uzio wa watu kadhaa, na wenyewe wameridhia kwa masharti.

Jumamosi tukaingia ukumbi wa shule kuichora kwenye karatasi. Hatujafika mbali, mlango ukapigwa teke. Waliingia na nondo. Walianza na viti, wakaja kwa watu. Mwalimu mkuu alinyoosha mikono kama anayetuliza wanafunzi. Wakamvunja mkono mmoja, na alipoushika kwa ule mwingine wakauvunja na huo. Muuza sabuni alipigwa akiwa anauliza, "Nani? Nani huyo?" Karatasi wakaichana vipande na kuikojolea. Shemeji yako alinifunika kwa mwili wake nyuma ya meza, sasa mgongo wake una michirizi kama godoro.

Mama wa Ramani alitokwa damu sikioni. Nilidhani hatarudi. Jumatatu alikuja na karatasi nyingine.

Unasema usiulizwe sababu. Haya, siulizi. Ila ukumbuke kuna watu wanapigwa na nondo huku wewe unaruka mengine.

Dada yako

*

Tarehe 22 Aprili

Mdogo wangu,

Ukiona mwandiko ni mzuri kuliko wangu, ujue ni wa shemeji yako. Nimejikata kidole na mkasi saluni, si kitu kikubwa, ila kalamu hainikai. Mimi nasema, yeye anaandika. (Shemeji, haya ni maneno yake, mimi kalamu tu. Hata nikikosewa adabu humu ndani, naandika hivyohivyo.)

Mama mzima. Mpwa wako mzima. Mvua zimeanza. Saluni nimeifunga kwa muda nipumzike, maana tangu niolewe sijawahi kupumzika. (Hapa ameniangalia vibaya.)

Kamati inaendelea. Sasa tunakutana nyumba hadi nyumba, watu wachache wachache, tusikusanywe pamoja. Karatasi inazunguka ndani ya beseni la nguo.

Sina mengi. Ukiwa na nafasi, tuandikie. Umekaa kimya sana.

Dada yako (na kalamu yake)

*

Tarehe 29 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu niliugua malaria. Sasa nimepona. Mama shikamoo. Shemeji, kalamu yako nimeipenda.

Dada, ulinidanganya.

Mwezi wa nne waliletwa wafungwa wapya na mmoja ni wa kwetu, yule mwembamba wanayemwita Sindano. Amefungwa kwa kupora simu. Alipojua mimi ni nani alikuja mwenyewe kunisalimia, kwa heshima zote, bila kujua wewe ni dada yangu, maana alijiunga nao mimi nikiwa humu. Akaanza kunichekesha kwa hadithi za nje. Akasema kuna msusi mmoja mbishi wa kamati, wakamfuata saluni mchana kweupe, wakashika mikono yake, wakaiweka kwenye fremu ya mlango wa chuma, na yeye Sindano ndiye aliyeubamiza. Akasema mara ya kwanza msusi alipiga kelele, mara ya pili hakupiga.

Nami nilikudanganya. Sikuugua malaria. Nilimshika Sindano masikio, nikampigisha kichwa ukutani mpaka askari waliponitoa juu yake. Hakufa. Mimi niliwekwa chumba cha peke yangu, kisicho na kalamu wala dirisha, ndiyo maana nilikuwa kimya.

Mle ndani sikuwa na kazi ila kufikiri. Nimeona hivi. Kutuma neno la kumkanya yule mtu ni bure, atacheka. Lakini wale vijana, kila mmoja ana mama, ana chumba kinachojaa maji kama chako. Kuna mtu aliyewahi kwenda kuwauliza njia ipite wapi? Mmewaita wakazi wote isipokuwa wao. Waiteni mezani. Waulizeni barabara ikijengwa watakula nini, na jibu lao liandikwe kwenye hiyo karatasi. Kuna mtu amemaliza kifungo wiki hii. Nimempa ujumbe wa mdomo awapelekee: Mgongo anasema nendeni mkakae na dada yangu.

Nionyeshe mikono yako ikipona. Chora hata duara.

Mdogo wako

*

Tarehe 15 Juni

Mdogo wangu,

Bado anaandika shemeji yako. Mama anasema ukirudia kumpigisha mtu kichwa ukutani atakuja huko kwa miguu yake mbovu akuchape. Kisha akaniuliza kama kweli kichwa kiligonga vizuri.

Niliposoma barua yako nilitaka kuichoma. Nikae meza moja na watu walionishika mikono? Vidole vinne havikunjiki. Siwezi kusuka hata mkia wa mbuzi. Nikifunga kibao cha dirisha nasikia mlango ule. Nilimwambia shemeji yako, huyu ndugu yangu gereza limemla akili. (Alisema zaidi ya hapo. Nimepunguza.)

Lakini walikuja. Jumapili baada ya ibada, vijana saba, wamesimama nje ya banda la baiskeli wakiangalia viatu vyao. Mkubwa wao ni yule Kipara, wa mama muuza maandazi. Akasema, "Dada, tumetumwa na Mgongo." Nikamwambia, "Wewe ulinishika mkono wa kushoto." Akasema, "Ndiyo." Nikampiga kofi kwa mkono wangu mbovu, nikaumia mimi kuliko yeye, nikalia, na yeye akasimama palepale. Shemeji yako ndiye aliyeleta viti.

Walikaa. Mama wa Ramani akawauliza maji yakija wao hulala wapi, ndipo wakafunguka, mpaka mmoja akampokonya kalamu. Wanataka mikokoteni yao iwe na njia yake kwenye ile barabara, isifukuzwe na mabasi. Wanataka wapewe kazi ya ujenzi kabla ya watu wa mbali. Wauza mboga walipinga, wakasema hatuwapi wauaji zawadi. Mume wa fundi cherehani alikuwepo. Akasema, "Waandikeni. Wakiwa na kazi hawatamkanyaga mtu shingo." Akatoka nje. Hakurudi siku ile.

Yameandikwa. Ramani imekamilika. Jumamosi ya tarehe 12 Julai tunarudi ukumbini, mtaa mzima, kila mtu aione na kuipitisha kwa mkono wake, na mkubwa wa halmashauri atakuja kuipokea. Nyundo amebaki na wachache. Tumesikia anatukana tu.

(Shemeji, sasa naandika langu. Wazo lako lilikuwa zuri. Ukitoka, nina baiskeli yako nimeiweka, rangi ya bluu. Dada yako hajui.)

Dada yako

*

Tarehe 5 Julai

Dada,

Sina muda wa salamu. Jumamosi usiende ukumbini. Shemeji asiende. Mama na mpwa wangu wasipite hata karibu na shule. Mwambie Mama wa Ramani aahirishe, atoe sababu yoyote.

Usiniulize nimejuaje. Nimemwomba karani aitume barua hii leo hiihii.

Mdogo wako

*

Tarehe 30 Julai

Dada,

Shikamoo. Sijapata jibu. Niambie tu kwamba mlibaki nyumbani. Neno moja linatosha.

Mdogo wako

*

Tarehe 2 Septemba

Dada,

Nimesikia. Mfungwa mpya amenieleza, na nilimlazimisha arudie kwa sababu sikutaka kuelewa. Sijui niandike nini. Shemeji alikuwa mtu wa kuniita shemeji hata siku niliyohukumiwa, mbele ya wote.

Nitaendelea kuandika. Usijibu kama huwezi.

Mdogo wako

*

Tarehe 11 Oktoba

Mdogo wangu,

Mwandiko huu ni wangu. Nimejifunza kushika kalamu kati ya kidole gumba na kiganja. Mama yupo, anakula kidogo. Mpwa wako haongei sana, na hatusahihishi tena.

Barua yako ya tarehe 5 Julai ilifika tarehe 21. Tulikuwa tumeshamzika shemeji yako.

Nitakueleza mara moja tu. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mkubwa wa halmashauri alikuwa hajafika. Mama wa Ramani alikuwa anasimama kuongea, tukasikia minyororo mlangoni kwa nje. Halafu harufu ya petroli. Walimwaga chini ya milango yote miwili, na moto ukaja ndani kama maji, ukitambaa sakafuni. Watu walikanyagana. Nilimwona mwanamke akipita juu ya mama yake mwenyewe bila kujua. Madirisha yana nondo. Kipara na wenzake walichukua benchi, wakalipiga dirisha la nyuma, wakarudi, wakapiga, mpaka nondo zikapinda na fremu ikang'oka. Nje walikuwa wanasubiriwa. Kila aliyechungulia alipigwa panga. Kipara akaruka wa kwanza na kipande cha benchi, wakamkata, lakini alimng'ang'ania mmoja akaanguka naye, na wenzake wakaruka juu yao. Ndipo njia ikapatikana. Kipara alikufa pale chini ya dirisha, mikono yake imekatika karibu kuisha.

Shemeji yako alisimama ndani akinyanyua watu. Alinitoa mimi. Alitoa watoto, alimtoa muuza sabuni, alimtoa Mama wa Ramani nguo zikiwaka. Nilikuwa namwita kutoka nje. Alisema, "Nakuja, bado huyu." Paa likashuka. Nilisikia sauti yake baada ya paa kushuka, na sitakuambia alisema nini.

Wamekufa kumi na wanne. Ramani iliungua. Siku ya matanga watu walikuwa wamekaa uani kwetu, na muuza mboga mmoja akaanza kuchora mavumbini kwa kijiti: njia inaanza hapa, inapita nyuma ya shule. Mwingine akasema hapana, umesahau ngazi. Wakaja wengine. Mpwa wako akaleta karatasi. Tuliichora yote upya palepale msibani, na njia ya mikokoteni hatukuiondoa. Mama wa Ramani tulimpelekea hospitali akiwa amefungwa bendeji mpaka shingoni. Halmashauri imeipitisha.

Nyundo amekamatwa. Anasema siku hiyo alikuwa safarini, hajui lolote, ni vijana walevi. Hakuna aliyemwona pale. Kesi itaanguka.

Sasa nakuuliza. Tarehe 5 ulijua. Aliyekuambia ni nani, na alitumwa na nani? Na ofisi ya gereza lako ina simu. Kwa nini uliandika barua? Kwa nini hukumwambia askari?

Mwendesha mashtaka anakuhitaji. Nimempa jina la gereza.

Dada yako

*

Tarehe 1 Novemba

Dada,

Shikamoo. Mama shikamoo.

Nimeisoma barua yako mpaka naiona nikifumba macho. Jibu lako ni hili. Sindano alipata mgeni, kisha akaja kwangu karakana akasema: Nyundo anakupa heshima yako ya zamani, dada yako abaki nyumbani Jumamosi, wengine watachomwa. Nikajua ni kweli. Na kwa askari sikwenda kwa sababu humu ndani anayekwenda kwa askari hupatikana asubuhi amejinyonga bila kujinyonga. Nikajiambia barua itawahi. Nilijua haiwahi, dada. Najua barua zinavyokwenda.

Ushahidi siwezi. Nyundo ana watu humu, hata miongoni mwa walinzi. Nisamehe, si kwamba

Tarehe 9 Novemba

Niliiacha barua pale juu. Juzi, wakati wa kuchota chakula, walinichoma na msumari ubavuni mara tatu. Sikuwa nimesema kitu bado. Walisikia tu kwamba mwendesha mashtaka ameniulizia. Nikiwa nimelala hospitali ya gereza nikaona, kumbe nikinyamaza nachomwa, nikisema nachomwa. Tofauti ni kwamba wewe umeniuliza.

Nimemwita mkuu wa gereza, nimemwambia mbele ya Sindano mwenyewe. Nitakwenda.

Mdogo wako

*

Tarehe 20 Desemba

Mdogo wangu,

Mama anakusalimu. Amenunua redio mpya na anaipigia kelele inapokosea. Mpwa wako amefanya mitihani, matokeo bado.

Ulipopandishwa kizimbani nilikuwa safu ya tatu. Uliniona, ukainamisha kichwa. Sikukupungia. Umekonda mpaka nilidhani wameleta mtu mwingine, na ulikuwa umeshika ubavu kama mwanamke mwenye mimba. Nilikusikia ukisema kila kitu: mgeni, karakana, maneno ya Nyundo neno kwa neno. Wakili wake alikuuliza, "Kwa hiyo ulijua watu watachomwa na ukanyamaza?" Ukasema, "Ndiyo." Akauliza tena, apate kukuaibisha. Ukasema tena, "Ndiyo, nilinyamaza." Mama yake Kipara alikuwa pembeni yangu, akanishika mkono huu mbovu akaubana mpaka ukauma, na sikuutoa.

Nyundo amefungwa maisha. Alipotolewa alikuangalia, akapitisha kidole shingoni. Mwendesha mashtaka ameniambia watakuhamisha gereza lingine Januari, na asubuhi ya leo nimekwenda kuhakikisha kwa mdomo wake. Barua hii pia ataileta yeye, ikufikie mapema.

Njia ya Juu imeanza kujengwa. Greda limeshapita nyuma ya shule. Vijana wanabeba mawe, wauza mboga wanagombana na msimamizi kuhusu ngazi, na kamati imemsimamisha mkandarasi siku mbili kwa sababu mtaro wake ulikuwa mwembamba kuliko tuliouchora. Mimi ndiye niliyekwenda kumwambia. Alinitazama mikono, kisha akaanza kuchimba upya.

Nimekuwa nikijaribu kukuandikia sentensi moja kwa wiki nzima na haiji, kwa hiyo nitaiandika ilivyo. Sijakusamehe. Nikisikia sauti ya shemeji yako chini ya lile paa, nasikia na ukimya wako. Labda itabadilika, labda haitabadilika, na usinisukume.

Lakini mama anataka kukuona kabla hujahamishwa, na hawezi kusafiri peke yake. Tumekata tiketi ya basi la Ijumaa. Jumamosi saa za wageni tutakuwa hapo langoni. Zungumza na mama kwanza. Halafu kama una la kuniambia, unitazame usoni uniambie. Barua nimechoka nazo.

Dada yako